Siku kama ya leo: mwongozo kamili wa kukusanya matukio ya tarehe moja bila kujiaibisha

Kuna siku niliandika kwa mbwembwe zote kwenye grupu kwamba Shakespeare na Cervantes, vigogo wawili wa fasihi, walikufa siku moja, 23 Aprili 1616, nikaweka na emoji za kulia, watu wakasifia weee, afu jamaa mmoja mkimya ambaye huwa haongei kabisa akauliza swali moja tu: siku moja kwa kalenda ya nani? Nikaenda kuangalia. Kumbe Hispania ilishahamia kalenda ya Gregori tangu 1582, Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, tofauti yao wakati huo ni siku 10, kwa hiyo siku anakufa Shakespeare, Hispania ilikuwa tayari 3 Mei. Na ukichimba zaidi unakuta Cervantes inaonekana alikata roho tarehe 22, hiyo 23 ni ya mazishi. Yani katika sentensi moja nilikuwa nimekosea mara mbili, na UNESCO nao waliichagua 23 Aprili kuwa siku ya vitabu duniani wakiangalia hao hao, ambayo wala sio mbaya, ni siku nzuri, ila sio walikufa siku moja.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Ni huu hapa, kwa yeyote anayependa kuandaa "siku kama ya leo", iwe ya kusoma mbele ya darasa, ya redioni, ya jarida au ya kuposti tu. Kila mahali nitatumia tarehe moja kama mfano, 11 Februari, maana ni tarehe yenye kila aina ya mtego.

Hatua ya 1: anza na tukio, usianze na tarehe tupu

Ukianza na tarehe tupu utaishia na listi ndefu ya vitu visivyohusiana, mara vita ya kale, mara mwigizaji kazaliwa, mara kimondo. Chukua kwanza tukio moja unalolijua vizuri na unalolijali, hilo ndo nguzo, mengine yatajipanga kulizunguka. Mi nguzo yangu ya 11 Februari ni Nelson Mandela kutoka gerezani mwaka 1990. Ukishakuwa na nguzo unajua na swali la kuuliza matukio mengine: je, hili linaongea na lile, au limekaa tu jirani?

Hatua ya 2: zoa kila kitu, afu weka kwenye jedwali

Hapa usichague, zoa tu. Ensaiklopidia, kurasa za tarehe mtandaoni, kumbukumbu za magazeti ya zamani, kalenda za taasisi. Mimi nilipozoa 11 Februari nilipata hivi: Mandela 1990, mapinduzi ya Iran 1979, Hosni Mubarak kuachia madaraka Misri 2011, Papa Benedikto XVI kutangaza kujiuzulu 2013, Mkataba wa Lateran uliozaa nchi ya Vatikani 1929, Margaret Thatcher kushinda uongozi wa chama cha Conservative 1975, mkutano wa Yalta kumalizika 1945, Bernadette Soubirous kusimulia kwamba amemuona mwanamke pangoni kule Lourdes 1858, Thomas Edison kuzaliwa 1847, René Descartes kufariki 1650, George Washington kuzaliwa 1731, na Whitney Houston kufariki 2012. Kumi na mbili, na hapo sijamaliza.

Fungua jedwali kwenye simu au kompyuta, safu zake ziwe: tukio, mwaka, mahali, saa kama inajulikana, kalenda iliyotumika pale, aina (kuzaliwa, kufa, kusaini, kutangaza, ajali), na mwisho nimethibitisha wapi. Hiyo safu ya mwisho watu wengi wanairuka, afu miezi sita baadaye mtu anakuuliza ulitoa wapi unabaki kukodoa macho.

Kuhusu kuthibitisha, vyanzo viwili vinatosha lakini viwe viwili kweli. Tovuti kumi zilizokopi na kupesti sentensi ile ile, mpaka koma iko pale pale, hicho ni chanzo kimoja kimevaa nguo kumi. Kilicho karibu zaidi na tukio ndo bora: gazeti la wakati ule, hotuba yenyewe, daftari la ubatizo. Na ukitumia gazeti kumbuka gazeti la leo linaandika ya jana, usije ukachukua tarehe iliyochapwa juu ya ukurasa ukaifanya ndo tarehe ya tukio. Nimeona kosa hilo mpaka nimechoka.

Daftari la ubatizo nimelitaja kwa makusudi. Shakespeare alibatizwa 26 Aprili 1564, hicho ndo kilichoandikwa. Kuzaliwa 23 Aprili ni makisio ya watu, yanapendeza kwa sababu alikufa pia 23 Aprili, ila ni makisio. Kitu kikipendeza sana kwenye tarehe, hapo ndo uongeze kukichunguza.

Hatua ya 3: kalenda ya nani?

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Kalenda ya Juliasi ilikuwa inarefusha mwaka kwa dakika kama 11, kidogo kidogo mpaka ikawa imepishana na jua kwa siku 10. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII akakata: Alhamisi 4 Oktoba, kesho yake Ijumaa 15 Oktoba. Tarehe za katikati hazikuwepo kabisa Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia. Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki usiku huo huo wa mruko, ndo maana kuna sehemu utaona 4 Oktoba na sehemu 15 Oktoba, na wote wako sawa, ni usiku mmoja.

Shida ni kwamba sio wote walihama pamoja. Uingereza na makoloni yake walihama 1752, wakalala 2 Septemba wakaamka 14 Septemba. Urusi ilingoja mpaka 1918, ikaruka kutoka 31 Januari kwenda 14 Februari. Ugiriki 1923. Kwa hiyo Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi mwaka 1917 yalitokea 25 Oktoba kwao na 7 Novemba kwa wengine, jina likabaki Oktoba, sherehe zikahamia Novemba.

Hesabu ya kubadilisha ni hii, iandike pembeni: kutoka 1582 mpaka Februari 1700 ongeza siku 10 kwenye tarehe ya Juliasi, mpaka Februari 1800 ongeza 11, mpaka Februari 1900 ongeza 12, kuanzia hapo ongeza 13. Nyuma ya 1582 wanahistoria kwa kawaida wanaacha tarehe ya Juliasi kama ilivyo na wewe iache, vita vya Hastings ni 14 Oktoba 1066, usianze kuhesabu hesabu.

Sasa rudi kwenye 11 Februari yetu uone ilivyo tamu. Washington alizaliwa Virginia, koloni la Uingereza, kalenda ya Juliasi, 11 Februari 1731. Kalenda ilipobadilika ikawa 22 Februari 1732, siku zilisogea 11 na mwaka nao ukabadilika, maana Waingereza walikuwa wanaanza mwaka mpya 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuwa bado ni ya mwaka wa nyuma. Descartes yeye alifia Stockholm, Sweden ilikuwa bado kwenye Juliasi, pale mtaani ilikuwa 1 Februari 1650, hiyo 11 Februari ya vitabuni ni ya Gregori. Umeona? Mmoja anaingia 11 Februari kwa kalenda ya zamani, mwingine kwa kalenda mpya, na ukiwaweka wote wawili kwenye listi moja bila kusema kitu umeshadanganya, hata kama kila mstari peke yake una chanzo chake.

Kanuni yangu: chagua kalenda moja kwa listi nzima. Mi natumia Gregori kwa kila kitu cha baada ya 1582, kwa hiyo Descartes anabaki na Washington anatoka, anaenda kungoja 22 Februari yake. Mwingine anaweza kuamua kutumia tarehe ya pale pale mahali, sawa tu, ila asichanganye. Kuna ile stori maarufu kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, 1642, kama vile kijiti kimepokezanwa. Galileo ni 8 Januari 1642 kwa Gregori, Newton ni 25 Desemba 1642 kwa Juliasi, ambayo kwa Gregori ni 4 Januari 1643. Kijiti kilianguka chini mwaka mzima.

Afu kuna kalenda ambazo hazifuati kabisa mwendo huu. Ya Kiislamu inafuata mwezi, ina siku 354 au 355, kwa hiyo tukio la tarehe fulani ya Ramadhani haliwezi kubaki kwenye tarehe moja ya Gregori, linarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka 7 au 8, ushindi wao wa Adwa dhidi ya Italia kwao ni 23 Yekatit 1888, kwa wengine ni 1 Machi 1896. Na Iran wanaadhimisha mapinduzi yao 22 Bahman, mara nyingi inaangukia 11 Februari lakini mwaka 2021 iliangukia tarehe 10. Ukiandika "leo Iran wanaadhimisha", angalia kalenda ya mwaka huo kwanza, usikariri.

Hatua ya 4: saa, na ule usiku wa kuamkia

Watu wa Kiswahili hapa tuna silaha nzuri na tunaisahau: "usiku wa kuamkia". Mtu akisema tu Jumapili saa nane usiku, hata sisi wenyewe tunaweza kugombana, ni ule usiku ulioingia Jumapili au ule unaotoka Jumapili kwenda Jumatatu? Ukisema usiku wa kuamkia Jumapili, ubishi umeisha. Mapinduzi ya Zanzibar yanasemwa hivyo hivyo, usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, na kila mtu anaelewa.

Matukio mengi makubwa yamekaa katikati ya usiku. Titanic iligonga barafu 14 Aprili 1912 saa 5:40 usiku, ikazama saa 8:20 usiku, kuamkia 15 Aprili. Kwa hiyo ukiandaa 14 Aprili unaandika kugonga, ukiandaa 15 unaandika kuzama, usiandike tu ajali ya Titanic. Na cheki mshikamano wake: Abraham Lincoln alipigwa risasi usiku wa 14 Aprili 1865 akafariki asubuhi ya tarehe 15, yani tarehe zote mbili zina jozi ile ile, jeraha tarehe 14, kifo tarehe 15. Hiyo ni listi tayari, fupi na inajitosheleza.

Ukivuka bahari inakuwa ngumu zaidi. Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, ilishambuliwa na Japani asubuhi ya 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii, Japani ilikuwa tayari tarehe 8. Neil Armstrong alikanyaga mwezi saa 4:56 usiku wa 20 Julai 1969 kwa saa za mashariki mwa Marekani, kwa saa za dunia (UTC) ilishakuwa saa 8:56 usiku wa kuamkia tarehe 21. Kutua kwenyewe ndo ilikuwa tarehe 20 kwa zote mbili. Vita ya Ulaya nayo, Wajerumani walisaini kushindwa usiku wa kuamkia 7 Mei 1945, ianze kufanya kazi usiku wa tarehe 8, wakasaini tena Berlin usiku huo wa tarehe 8, Moscow saa ilikuwa imeshapita saa sita usiku, ndo maana Ulaya magharibi wanaadhimisha 8 Mei na Urusi 9 Mei. Kanuni hapa ni rahisi, fuata saa ya mahali tukio lilipotokea. Kwa mwezini ambako hakuna saa ya mahali, sema umetumia saa za wapi, maneno matano tu yanatosha.

Waislamu na Wayahudi siku yao inaanza jua likizama, kwa hiyo chanzo cha kale kikitaja usiku wa siku fulani, jiulize mwandishi wake alikuwa anahesabu kuanzia machweo au kuanzia saa sita usiku.

Hatua ya 5: dakika gani ndo tukio lenyewe?

Hapa wengi wanapita mbio. Tukio kubwa mara nyingi sio siku moja, lina kuamuliwa, kusaini, kutangazwa, kuanza kutumika, kujulikana. Marekani wanasherehekea 4 Julai, lakini Kongresi yao ilipiga kura ya kujitenga na Uingereza 2 Julai 1776, tarehe 4 ni siku walipopitisha maandishi ya Azimio, na wengi walitia saini 2 Agosti. John Adams mwenyewe alimwandikia mkewe kwamba 2 Julai ndo itakuwa sikukuu ya vizazi. Alikosea kwa siku mbili, afu maisha yakamcheka vizuri, maana alifariki 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio, na Thomas Jefferson naye alifariki siku hiyo hiyo saa chache kabla yake. James Monroe akafuata 4 Julai 1831. Marais watatu kati ya watano wa kwanza.

Mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Cuba: ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilipiga picha 14 Oktoba 1962, wataalamu wakayatambua tarehe 15, Rais Kennedy akaonyeshwa asubuhi ya tarehe 16. Ukiandika mgogoro ulianza 14 Oktoba sio uongo, ila siku hiyo hakuna mtu hata mmoja Washington aliyejua kuna mgogoro. Kwa hiyo kitenzi ndo kila kitu. Ilipigwa picha. Ilitambuliwa. Alionyeshwa. Papa Benedikto alitangaza kujiuzulu 11 Februari 2013, upapa wake uliisha 28 Februari, mtu akiandika "Papa ajiuzulu" kwenye tarehe zote mbili hajakosea kwa mbali ila kitenzi kimelala.

Hatua ya 6: jaribio la siku ya wiki

Hili ni la dakika moja na limeniokoa mara nyingi. Chanzo kikitaja siku ya wiki, ipige hesabu uone kama inakaa. Njia ya kichwani: katika mwaka wowote wa kalenda ya Gregori, 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 zote zinaangukia siku moja ya wiki, na siku ya mwisho ya Februari pia ni hiyo hiyo. Tafuta moja tu, zingine umezipata.

Mfano, mwaka 1961 hiyo siku ni Jumanne. Kwa hiyo 12 Desemba 1961 ni Jumanne, rudi siku tatu, Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba siku ya Jumamosi. Mwaka 1964 ni Jumamosi: 4 Aprili Jumamosi, 11, 18, 25 nazo Jumamosi, basi Muungano wa Tanganyika na Zanzibar 26 Aprili ni Jumapili. Na 1990? 28 Februari ni Jumatano, 14 ni Jumatano, 11 ni Jumapili, Mandela alitoka Jumapili. Ukikutana na maandishi yanasema Ijumaa 11 Februari 1990 funga ukurasa, kama hilo wamekosea na mengine yatakuwa hivyo hivyo.

Wakati wa kuhesabu maadhimisho angalia pia kwamba hakuna mwaka sifuri, baada ya 1 kabla ya Kristo unakuja 1 baada ya Kristo. Julius Caesar aliuawa 15 Machi mwaka 44 KK, miaka 2000 ikatimia 1957, sio 1956. Na kuhusu 29 Februari, kwa mfano tetemeko la Agadir, Morocco, 1960, lililopiga dakika chache kabla ya saa sita usiku: katika miaka mifupi liweke 28 Februari na useme umefanya hivyo.

Hatua ya 7: kusudi, matokeo au bahati?

Sasa ndo tunafika kwenye utamu wenyewe, kwa nini matukio mawili yako tarehe moja. Mi nina makapu matatu.

Kapu la kusudi: mtu alikaa akaichagua tarehe. India walitangaza lengo la uhuru kamili 26 Januari 1930, miaka mingi baadaye katiba yao ikapitishwa 26 Novemba 1949 lakini wakaingoja ianze kazi rasmi 26 Januari 1950, ili tarehe ile iheshimiwe. Tanganyika uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Hapo usiandike "cha kushangaza", hakuna cha kushangaza, ni kalenda ya serikali.

Kapu la matokeo: tukio la kwanza lilivuta la pili. 9 Novemba kwa Wajerumani ndo mfano mkali. Mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa Berlin. Mwaka 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali München, akashindwa siku hiyo. Mwaka 1938 viongozi wa Nazi walikuwa wamekusanyika München kuadhimisha jaribio lile la 1923, na kutoka kwenye mkusanyiko huo huo ndo ikatoka amri ya kushambulia masinagogi, maduka na nyumba za Wayahudi, ule usiku wa vioo. Afu mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka 9 Novemba, na huu sasa ni bahati kabisa, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, aliulizwa kwenye mkutano na waandishi sheria mpya ya kusafiri inaanza lini, akapekua karatasi zake akasema mara moja, bila kuchelewa, wakati ilipangwa kuanza kesho yake, watu wakaenda ukutani usiku ule ule. Wajerumani walipotafuta sikukuu ya taifa 9 Novemba ingefaa kwa ukuta ila 1938 iko pale pale, wakachukua 3 Oktoba. Tarehe moja, makapu mawili, ndo maana naipenda kuifundishia.

Kapu la bahati ndo kubwa kuliko yote na ndo linaloonekana kama miujiza. Darwin na Lincoln walizaliwa siku moja, 12 Februari 1809. Yuri Gagarin aliruka angani 12 Aprili 1961, na chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kikaruka kwa mara ya kwanza 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili, kila mtu anadhani Wamarekani walipanga. Hawakupanga, kilitakiwa kuruka tarehe 10, kompyuta zikagoma kuelewana, wakasogeza siku mbili.

Na bahati hii sio ngeni kihesabu. Watu 23 tu wakikaa chumba kimoja, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita asilimia 50. Ukiwa na matukio 10,000 maarufu kwenye siku 366 unapata wastani wa matukio 27 kwa kila tarehe, kwa hiyo kukutana ni lazima. Usilazimishe pia. Chukua ajali za vyombo vya anga vya Marekani: Apollo 1 iliungua 27 Januari 1967, Challenger ikalipuka 28 Januari 1986, Columbia ikasambaratika 1 Februari 2003, nimeona watu wakizisukuma zikae siku moja kwa sababu ziko karibu mno. Ziko wiki moja. Andika wiki moja, inatosha na inatisha hivyo hivyo.

Kwa 11 Februari: siku ya wagonjwa duniani ya Kanisa Katoliki ni kusudi, Papa Yohane Paulo II aliiweka tarehe hiyo kwa ajili ya Lourdes. Mengine yote mi nayaweka bahati.

Hatua ya 8: chuja, afu andika

Kumi na mbili ni mengi. Bakiza matatu mpaka matano yanayoongea na nguzo. Mandela anatoka gerezani, Iran utawala wa shah (mfalme wao) unaanguka, Mubarak anaondoka, Benedikto anaachia kiti kwa hiari yake: hapo kuna uzi, tarehe ya watu kuachia au kuachiwa. Thatcher alikuwa anaingia sio kutoka, ingawa aliyepokonywa nafasi, Edward Heath, alikuwa ameshatoka wiki moja kabla, unaweza kumbakiza kama kichekesho kidogo. Edison na Whitney Houston kila mmoja anastahili siku yake, kuwatupia mwishoni kama nyongeza ya soko ni kuwakosea. Na ukishaandika kifo cha watu wengi usifuatishe na utani mstari unaofuata.

Angalia pia listi yako isiwe bara moja. Ukiona matukio matano yote ni ya Ulaya hiyo sio historia ya tarehe, ni historia ya vitabu vilivyokuwa karibu na mkono wako.

Mstari wenyewe uandike uonekane. Mstari mbovu: "1990, Mandela aliachiwa huru." Mstari wa maana: "1990, Jumapili mchana, Nelson Mandela anatoka kwa miguu kwenye geti la gereza la Victor Verster, ameshikana mkono na Winnie, baada ya miaka 27 kifungoni, ilitangazwa atatoka saa 9, watu wakangoja juani zaidi ya saa nzima." Msomaji anaona geti, anaona mikono. Kwa Mubarak mi naandika: "2011, Ijumaa jioni, makamu wa rais Omar Suleiman anatokea kwenye televisheni, anasoma tangazo fupi sana, na karibu miaka 30 ya utawala wa Hosni Mubarak inaisha baada ya siku 18 za maandamano." Kwa Benedikto: "2013, Jumatatu asubuhi, Papa anasoma kwa Kilatini kwamba nguvu zake zimepungua kwa uzee, sio wote waliopo wanaoelewa papo hapo." Iran 1979 naipa mstari mmoja, jeshi linatangaza haliegemei upande wowote na serikali ya mwisho ya shah inaporomoka, imetosha, maana ukiifungua zaidi itakula ukurasa mzima.

Kwa mpangilio, mwaka wa zamani kwenda mpya ndo rahisi kwa msomaji. Nguzo ukitaka iweke mwisho, hata kama inavunja mpangilio, sema tu "na tumerudi 1990".

Hatua ya 9: jedwali lisife

Ukiposti na mtu akakusahihisha, usifute kimya kimya. Rekebisha, sema umerekebisha nini, afu rudi kwenye jedwali ubadilishe na pale, maana mwakani tarehe hiyo itarudi na wewe utakopi ulichoandika mwaka huu. Mi safu ya mwisho kabisa niliyoongeza inaitwa "nani kanisahihisha", mstari wa kwanza una jina la yule jamaa mkimya, 23 Aprili, na mpaka leo sijamtumia kitu kabla yeye hajakipitia.